CHAMONIX, THELUJI INAPOYEYUKA

Mwezi wa Mei mji wa Chamonix huwa kimya. Magari ya waya, ambayo tangu Desemba yalikuwa yakipandisha maelfu ya watu milimani, yamesimama, na mafundi wako juu ya nguzo wakikagua nyaya na kutia mafuta magurudumu. Hoteli nyingi zimefunga milango. Wenyewe wanapaka rangi madirisha, wanaanika magodoro, au wamekwenda pwani kupumzika. Madukani, zile mbao ndefu za kutelezea juu ya theluji zimesogezwa pembeni na kupunguzwa bei, na mahali pake zimepangwa buti na fimbo za kutembelea. Wageni wa majira ya baridi wamekwisha kuondoka, na wale wa majira ya joto bado hawajafika. Huu ndio wakati ambapo mtembezi mwenye subira anaweza kuuona mji huu kama wenyeji wanavyouona.

MAHALI NA MAJIRA

Chamonix uko mashariki ya Ufaransa, katika jimbo la Haute-Savoie, karibu na mipaka ya Uswisi na Italia. Umejengwa katika bonde jembamba linalopitiwa na mto Arve, kwenye kimo cha mita 1,035 hivi juu ya usawa wa bahari. Wakazi wake wa kudumu hawafiki 10,000. Upande wa kusini wa bonde umesimama Mont Blanc, maana yake Mlima Mweupe, ambao ni mrefu kuliko yote katika safu ya Alps. Kilele chake kimefunikwa na theluji na barafu, na kwa sababu hiyo kimo chake hubadilika: wapimaji walipata mita 4,807.81 mwaka 2021, na mita 4,805.59 mwaka 2023. Upande wa kaskazini iko safu nyingine, ya miamba yenye rangi ya kutu, iitwayo Aiguilles Rouges, yaani Sindano Nyekundu. Mji umekaa katikati, kama chombo kilichotiwa nanga kati ya kuta mbili.

Msomaji aliyekulia karibu na Ikweta huhesabu mwaka kwa mvua: masika na vuli, kiangazi na kipupwe. Huko Alps mwaka huhesabiwa kwa theluji. Kuanzia Desemba hadi Aprili theluji ndiyo bwana wa nchi. Hufunga barabara, huvunja miti, na hapo hapo huleta fedha, kwa maana watu hutoka pande zote za dunia kuja kuteleza juu yake. Halafu huja majira ya machipuko. Lakini majira hayo hayafiki mahali pote siku moja. Huanzia bondeni, ambako mwezi wa Aprili majani tayari ni mabichi. Yakafika kwenye kimo cha mita 1,500 mwezi wa Mei. Yakafika mita 2,000 karibu na Juni. Na juu kabisa hayafiki kamwe. Kwa hiyo mtu apandaye mlima siku moja ya Mei hutoka katika maua asubuhi, na kabla ya saa sita mchana amekwisha rudi katika majira ya baridi. Hapo ndipo penye uzuri wa safari hiyo, na ndipo penye hatari yake.

JINSI MJI ULIVYOPATA JINA

Zamani bonde hili lilikuwa la wafugaji na wakulima maskini. Mwaka 1741 Waingereza wawili, William Windham na Richard Pococke, walifika hapo, wakapanda hadi mahali paitwapo Montenvers, wakaona mto mkubwa wa barafu umelala kati ya milima kama maji ya bahari yaliyoganda ghafla. Habari zao zilisomwa Ulaya nzima, na mto ule ukaitwa Mer de Glace, yaani Bahari ya Barafu, jina ulilo nalo mpaka leo.

Mwaka 1760 mtaalamu wa Geneva, Horace-Bénédict de Saussure, aliahidi zawadi kwa mtu wa kwanza atakayepata njia ya kufika kilele cha Mont Blanc. Ilipita miaka 26. Tarehe 8 Agosti 1786 watu wawili wa Chamonix, daktari Michel-Gabriel Paccard na mtafuta mawe ya thamani Jacques Balmat, walifika juu. Hawakuwa na kamba wala vifaa vya leo. Walikuwa na fimbo ndefu na moyo mkubwa. Mwaka 1808 alipanda pia mwanamke wa kwanza, Marie Paradis, naye alikuwa mtu wa hapo hapo bondeni.

Sifa huleta wageni, na wageni huleta ajali. Mwaka 1820 poromoko la theluji liliwaua waongozi watatu waliokuwa wakipandisha wageni. Mwaka uliofuata, 1821, wenzao walianzisha Chama cha Waongozi wa Chamonix, ili kazi igawanywe kwa zamu na haki, na ili familia za waliokufa au kuumia zisiachwe bila msaada. Chama hicho kipo hadi leo. Ni jambo la kukumbukwa kwamba kilizaliwa msibani, wala si sokoni.

Mwaka 1924 jina la Chamonix lilienea duniani kote, kwani hapo ndipo ilipofanyika Michezo ya kwanza ya Olimpiki ya Majira ya Baridi, kuanzia tarehe 25 Januari hadi 5 Februari. Wapenzi wa habari za majeshi watafurahi kujua kwamba mojawapo ya mashindano ya michezo ile lilikuwa la doria ya kijeshi. Kila kikosi kilikuwa na watu wanne, wakiongozwa na afisa, na walitakiwa kuteleza juu ya theluji masafa ya kilomita 30 hivi, wakiwa na silaha na mizigo, na kulenga shabaha njiani. Vikosi sita vilianza. Viwili vilishindwa kumaliza. Uswisi ilikuwa ya kwanza, Finland ya pili, na Ufaransa ya tatu. Kutokana na doria hiyo ndipo ulipotokea mchezo wa leo wa kuteleza na kulenga shabaha.

KUPANDA KWENDA FLÉGÈRE

Njia inayofaa kwa mtembezi wa Mei ni ile ya upande wa Aiguilles Rouges, kwa sababu upande huo hukabili jua, na theluji yake huyeyuka mapema kuliko ya upande wa Mont Blanc. Njia huanzia kijiji cha Les Praz, kwenye kimo cha mita 1,060 hivi, ikapanda kupitia msituni mpaka La Flégère, mita 1,877. Ni mwendo wa saa mbili na nusu kwa mtu mwenye afya. Wakati wa baridi watu hufika hapo kwa gari la waya kwa dakika chache tu. Mei, gari likiwa limesimama, hufika yule tu ambaye miguu yake imekubali.

Watembezi wenye busara huondoka mapema, hata saa kumi na mbili asubuhi. Wakati huo theluji ya juu bado ni ngumu kwa baridi ya usiku. Jua likishapanda hulainika, na kufika mchana huwa kama uji mzito, tayari kuporomoka. Kwa hiyo sheria ya machipuko ni kuwahi kwenda na kuwahi kurudi. Mfukoni huwekwa mkate, jibini, maji, koti la mvua, kofia ya sufi, ramani, na miwani ya giza, kwa maana mwanga wa jua ukirudishwa na theluji huweza kuunguza macho kama moto.

Mwanzoni njia ni laini. Chini ya miti kuna harufu ya udongo uliolowa na ya majani yaliyooza. Kila mahali maji yanasikika: chini ya mawe, kandokando ya mizizi, katikati ya njia yenyewe. Miti mingi ni misonobari, na mmoja kati yake ni wa ajabu, kwa sababu tofauti na wenzake hupukutisha majani yake yote wakati wa baridi. Mwezi wa Mei huchipua upya, majani mororo kama manyoya ya kifaranga, na rangi yake ya kijani ni changa hata huonekana kuwaka ikipigwa na jua. Watu wa bondeni huutazama mti huo ili kujua majira yamefika wapi.

Karibu na kimo cha mita 1,500 vipande vya kwanza vya theluji huonekana katika vivuli, vyeusi kwa uchafu, vimejikunja kama mashuka yaliyosahauliwa. Pembeni mwake maua madogo yenye rangi ya zambarau na meupe yamechomoza kwenye majani makavu yaliyolala. Mengine hayangojei theluji iishe. Hutoboa tundu ndani yake na kufungua kengele zao hapo hapo. Juu zaidi, msitu ukishaachwa nyuma, husikika mbinja kali. Ni marmoti, mnyama wa jamii ya kindi, mnene kama paka aliyeshiba, ambaye hulala shimoni karibu miezi sita na kutoka mwezi wa Aprili akiwa amekonda. Mmoja hukaa zamu akiwa amesimama kwa miguu ya nyuma, na aonapo tai au mbweha hupiga mbinja, wote wakaingia mashimoni. Mlinzi asiyelala zamuni huokoa kijiji kizima.

Kisha mtembezi hufika La Flégère, na akigeuka nyuma huona kitu kinachomfanya avue kofia. Ng’ambo ya bonde, mbele yake kabisa, umefunguka mlango wa Bahari ya Barafu. Kushoto umesimama Aiguille Verte, mita 4,122. Mbali kabisa, mwisho wa barafu, ukuta wa Grandes Jorasses. Na kulia, kilele baada ya kilele, hadi kwenye mgongo mweupe wa Mont Blanc wenyewe. Nguzo za magari ya waya zimesimama bila kazi. Hakuna muziki, hakuna foleni, hakuna kelele za wanaoteleza. Kunguru weusi wenye midomo ya manjano huzunguka wakingoja makombo ya mkate.

MAHALI PA KURUDI NYUMA

Kutoka Flégère njia huendelea hadi Lac Blanc, ziwa lililo kwenye kimo cha mita 2,352, ambalo picha zake zimebandikwa katika kila duka la mjini. Ni mwendo wa saa moja na nusu au mbili. Wageni wengi hupanda kwa ajili ya ziwa hilo, na hapo ndipo Mei huwapima.

Mgeni aliyetoka mbali, aliyelipa nauli ya ndege na ya gari moshi, na ambaye hana ila siku moja, hufika penye korongo lililojaa theluji. Upana wake hauzidi hatua thelathini. Ng’ambo njia inaonekana kavu kabisa, na alama ya rangi kwenye jiwe inamwita. Jua limepanda. Hatua thelathini tu, na labda saa moja zaidi, aone ziwa.

Mwongozi wa hapo hatazami ng’ambo. Hutazama juu, kuona ni kitu gani kinachoning’inia katika korongo. Hutazama chini, kuona mtu akiteleza ataishia wapi, penye majani au penye mwamba. Halafu huichoma theluji kwa fimbo. Fimbo ikizama mpaka kwenye mpini, na sauti ya maji ikasikika chini, hujua kwamba alichoona mgeni ni njia, lakini kwa kweli ni paa la kijito, na unene wa paa hilo haujulikani. Hufuta fimbo yake, hugeuka, na kuanza kushuka. Mara nyingi hasemi neno. Na mgeni, akiwa na akili, hamuulizi.

Kurudi nyuma ni jambo gumu kuliko kupanda. Mtu huona haya mbele ya wenzake. Huhesabu fedha alizotoa na jasho alilomwaga, na hesabu hiyo humsukuma mbele hata mahali ambapo macho yake mwenyewe yanamkataza. Askari aliyefunzwa vema analijua jambo hili: kusonga mbele ni amri rahisi kuitoa, na kurudi kwa mpango, bila kupoteza mtu, ni kazi ya kiongozi kamili. Kila mwaka milima ya Alps huua watu, na katika hao wamo wengi waliobakiwa na hatua chache tu.

Baada ya saa chache, wakati watembezi waliorudi wameketi kwenye ukuta wa mawe chini ya msitu wakila mkate wao, hutokea mara nyingi mngurumo kutoka upande wa Mont Blanc. Huonekana moshi mweupe ukishuka polepole kwenye mteremko wa mbali, kisha kimya. Ni poromoko la mchana, la theluji iliyolowa. Kwa mbali ni kama unga uliomwagika. Kwa aliye chini yake ni tani kwa tani za uzito.

ASKARI WA MLIMANI

Jamaa za polisi na jeshi wakifika Chamonix watakuta wenzao. Mwaka 1932 Ufaransa ilifungua hapo shule ya kijeshi ya milima mirefu, na kutoka shule hiyo wametoka askari wengi waliofundishwa kuishi, kutembea na kuokoa watu katika barafu. Kipo pia kikosi maalumu cha jandarmeri, yaani askari polisi wenye nidhamu ya jeshi, ambacho kazi yake ni uokozi. Kuzaliwa kwa kikosi hicho ni habari ya huzuni.

Mwishoni mwa Desemba 1956 vijana wawili wanafunzi, Jean Vincendon, Mfaransa, na François Henry, Mbelgiji, walinaswa na dhoruba juu ya Mont Blanc. Watu wa mjini waliweza kuwaona kwa darubini. Siku zikapita kwa mabishano: nani aende, kwa njia gani, na kwa amri ya nani, kwa kuwa wakati ule hapakuwa na chombo kimoja chenye wajibu kamili wa uokozi. Mwongozi mashuhuri Lionel Terray alikusanya watu wa kujitolea akaondoka nao kwa miguu. Jeshi likatuma helikopta, nayo ikaanguka juu ya theluji karibu na vijana wale, na tangu hapo waokoaji wenyewe wakawa watu wa kuokolewa. Wale vijana, ambao miili yao ilikwisha ganda hata hawakuweza kutembea, waliwekwa ndani ya mabaki ya helikopta. Mapema Januari 1957 waokoaji na wanahewa walitolewa salama. Vijana wale hawakufuatwa tena. Maiti zao zilishushwa mwezi Machi.

Ufaransa nzima ilisoma habari ile siku kwa siku, na iliona haya. Mwaka 1958 serikali iliamua uokozi wa mlimani uwe wajibu wa dola, ikaunda kikosi maalumu cha jandarmeri huko Chamonix. Leo mtu akipatwa na shida mlimani hupiga simu namba 112, ambayo hutumika katika nchi nyingi za Ulaya, na mara nyingi helikopta hufika kwa dakika chache. Kuna ishara moja inayofaa kujulikana na kila mtu: anayehitaji msaada husimama na kuinua mikono yote miwili, asiyehitaji huinua mkono mmoja na kushusha mwingine. Kwa rubani aliye juu, tofauti hiyo ndogo yatosha.

Lakini hata dola yenye vifaa haiwezi kuuamuru mlima. Tarehe 9 Februari 1999, baada ya siku nyingi za theluji nzito, poromoko kubwa lilishuka juu ya kijiji cha Montroc, mwisho wa bonde, likabomoa nyumba 14 na kuua watu 12. Hao hawakuwa wapandaji milima. Walikuwa ndani ya nyumba. Tangu hapo sheria za mahali pa kujenga zimekuwa kali zaidi, na taarifa za hatari ya maporomoko, zenye ngazi kutoka 1 hadi 5, husomwa kila asubuhi ya majira ya baridi kama sehemu nyingine wanavyosoma bei ya mazao.

NYUMBA NA CHAKULA

Nyumba za zamani za bonde hili zilijengwa kwa mawe chini na mbao juu. Watu na ng’ombe waliishi chini ya paa moja ili joto la wanyama lisaidie wakati wa baridi, na nyasi kavu ziliwekwa darini, zikawa blanketi la nyumba nzima. Pembeni, mbali kidogo na nyumba, kilikuwapo kibanda kidogo cha mbao kiitwacho mazot. Humo familia iliweka nafaka, nguo za sikukuu, na hati za shamba. Sababu ni moto: nyumba ikiungua usiku, chakula cha mwaka na haki ya ardhi visiungue nayo. Ufunguo wa kibanda hicho ulikuwa na uzito kuliko dhahabu.

Chakula cha hapo ni cha watu wa baridi: viazi, vitunguu, mkate mgumu, nyama iliyokaushwa kwa moshi, na zaidi ya yote jibini. Jibini moja maarufu la Haute-Savoie huitwa Reblochon, jina litokanalo na neno la kukamua mara ya pili. Husimuliwa kwamba zamani mwenye ardhi alichukua kodi kulingana na maziwa yaliyokamuliwa. Wakulima hawakukamua ng’ombe hadi mwisho siku ya kupimwa. Mkaguzi akishaondoka, walirudi zizini wakakamua kilichobaki, maziwa machache lakini mazito, wakatengeneza jibini lao wenyewe. Leo jibini hilo la kufichwa huwekwa katika kila meza. Hukatwa vipande, huwekwa juu ya viazi vilivyochemshwa na kukaangwa na vitunguu, kisha sinia huingizwa ndani ya joko mpaka jibini liyeyuke na kushika rangi. Mtu aliyeshuka mlimani na miguu iliyolowa hahitaji kingine.

BAHARI INAYOKAUKA

Haifai kuondoka Chamonix bila kufika Montenvers, mita 1,913, kwa gari moshi lenye magurudumu ya meno lililoanza kazi mwaka 1908. Hapo ndipo wale Waingereza wawili walipoiona Bahari ya Barafu. Lakini mgeni wa leo haoni walichokiona. Katika karne ya 19 ulimi wa barafu ulishuka hadi penye nyumba za bondeni. Leo kutoka kituoni hutazamwa chini, shimoni, na kinachoonekana kwanza ni kifusi cha mawe ya kijivu. Barafu imepungua unene kwa zaidi ya mita 100 mahali hapo. Mwaka 1988 palijengwa gari la waya la kuwashusha wageni hadi kwenye barafu, na ngazi chache tu zilitosha kumalizia. Kila mwaka barafu ilizama, na kila mwaka ngazi ziliongezwa, hata zikapita 500. Mwaka 2024 lilifunguliwa gari jipya la waya mbele zaidi bondeni, kuifuata barafu inayokimbia. Kando ya ngazi za zamani viliwekwa vibao vyenye miaka, kuonyesha usawa wa barafu ulikuwa wapi. Mzazi anayeshuka na mtoto wake hupita mwaka wake wa ndoa, kisha mwaka aliozaliwa mtoto, kabla ya kuifikia barafu yenyewe.

Jambo hili lawagusa watu wa Chamonix mifukoni na moyoni. Vituo vya Alps vilivyo chini vimeanza kukosa theluji ya kutosha, na baadhi vimefunga kazi. Chamonix, kwa kuwa milima yake ni mirefu, bado unapata wageni; lakini wenyeji wanaanza kuangalia Mei na Juni, miezi waliyokuwa wakiiita ya mapumziko, kama miezi ambayo wana wao watalazimika kuitegemea. Mtembezi wa machipuko, ambaye zamani alionekana mgeni aliyekosea tarehe, sasa anakaribishwa.

UNDUGU WA MILIMA

Habari hii yaweza kuonekana kuwa ya mbali na Afrika Mashariki. Sivyo. Ng’ambo ya Mont Blanc, upande wa Italia, uko mji wa Courmayeur, ambao tangu mwaka 1965 umeunganishwa na Chamonix kwa njia ya chini ya mlima yenye urefu wa kilomita 11.6. Waongozi wawili wa Courmayeur, César Ollier na Joseph Brocherel, ndio waliofika kilele cha Mlima Kenya pamoja na Halford Mackinder mwaka 1899. Wao pia, pamoja na Joseph Petigax wa mji huo huo, walimwongoza Luigi Amedeo, Mtawala wa Abruzzi, hadi kilele cha Margherita katika Ruwenzori, mpakani mwa Uganda na Kongo, tarehe 18 Juni 1906. Vitabu huwataja wakubwa. Mara chache huwataja wapagazi wa Kiafrika waliobeba mizigo kupitia matope na baridi, ambao bila wao hakuna ambaye angefika. Mtawala yule alikuwa wa ukoo wa Savoia, na jina hilo alilipa kilele kimoja cha Ruwenzori. Ni jina lile lile la nchi ya Savoie, ambamo umo mji wa Chamonix, na ambayo iliingia katika Ufaransa mwaka 1860.

Barafu ya Ruwenzori nayo inapungua, kama ile ya Montenvers. Watu wa Kasese na watu wa Chamonix hawajuani, wala hawasemi lugha moja. Lakini wote hunywa maji yanayotoka juu, na wote wakiinua macho asubuhi huona mlima si ule waliouona baba zao.

Jioni ya Mei, gari moshi dogo jekundu likiondoka bondeni, mtembezi aliyerudi bila kuliona ziwa hukaa dirishani. Buti zake zimelowa. Juu, jua la mwisho bado limeshika vilele, na lile korongo la theluji laonekana wazi kutoka chini, jembamba kama uzi mweupe. Katikati ya uzi huo sasa pana doa jeusi, mahali paa la kijito lilipobomoka wakati wa mchana.